Mafuta ya alizeti ya Singida: mapitio ya bidhaa, na ya mji unaoyakamua

Anayenunua mafuta ya kula Dodoma, awe anakwenda Majengo, Sabasaba au Soko la Job Ndugai, hatakosa kuoneshwa ndoo na madumu yenye mafuta ya rangi ya dhahabu na kuambiwa kwamba yametoka Singida. Jina hilo limekuwa dhamana, na muuzaji akishalitaja huona hana haja ya kuongeza neno. Mapitio haya yanahusu mafuta hayo hasa, yaani yale yanayokamuliwa na viwanda vidogo vya Manispaa ya Singida na wilaya zinazoizunguka, wala si yale ya viwanda vikubwa ambayo huja na lebo na kizibo cha plastiki na hupatikana katika duka lolote. Nimeyatumia jikoni kwa muda mrefu, nimeyanunua hapa Dodoma na nimeyafuata kule yanakotoka, na hukumu yangu naiweka mapema: ni mafuta mazuri yanayouzwa kabla kazi ya kuyatengeneza haijakwisha. Kuyatuliza, kuyachuja, kuyapima na kuyatia katika chombo kinachofaa ni kazi ambayo mji umemwachia mnunuzi. Mnunuzi anayelijua jambo hilo hupata bidhaa bora kwa bei iliyo chini ya ile ya mafuta ya dukani. Asiyelijua hurudi nyumbani na ndoo yenye tope chini na povu juu.

Ili kuyaelewa mafuta yenyewe, inafaa kwanza kuuelewa mji. Singida iko kilomita 240 hivi kutoka Dodoma kwa barabara inayopita Bahi penye mashamba ya mpunga, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Saranda, ikafika Manyoni, kisha ikanyooka katika tambarare za Ikungi ambako mawe makubwa ya matale yamejitokeza ardhini kana kwamba yamepangwa na mtu. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo wake haupumziki, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Una maziwa mawili yanayoonekana ukiwa mjini, Singidani na Kindai, na yote mawili ni ya maji ya chumvi. Yanapendeza macho na ndege huyafurahia, lakini hayamwagilii shamba wala hayajazi mtungi. Kwa mkulima wa Kinyaturu au wa Kinyiramba, hali hiyo maana yake ni moja: lima zao linalovumilia mvua kukatika katikati ya msimu. Alizeti ina mzizi unaokwenda chini kutafuta unyevu ambao mahindi hayaufikii, na ndiyo maana imeshika nafasi ya zao la fedha katika nchi ambayo pamba na kahawa hazikuipa kipaumbele.

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963 kutoka lililokuwa Jimbo la Kati. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika mkoa mzima, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 2,008,058, ongezeko linalokaribia nusu ndani ya miaka kumi. Wengi wa watu hao bado ni wakulima na wafugaji, na mji wenyewe, pamoja na ofisi za serikali, tawi la Chuo cha Uhasibu Tanzania na nyumba za kulala wageni zinazoongezeka kila mwaka, unaishi kwa kupokea, kupima, kukamua na kusafirisha kile kinachotoka vijijini. Hata mpira wa miguu umelipokea zao hili: watangazaji huwaita Singida Black Stars Walima Alizeti, na uwanja wa mpira wa mjini una jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani.

Mtu asiyeifahamu Singida huidhani kuwa iko pembeni mwa nchi, ilhali mambo mengi ya nchi hii hupita hapo. Barabara kuu ya kwenda Mwanza na ile ya kwenda Babati na Arusha huachana hapo. Njia ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga ina kituo chake hapo, na kutoka kituo hicho imejengwa njia nyingine ya ukubwa huo huo inayokwenda Arusha na Namanga kuungana na Kenya. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga linapita katika mkoa huu, na wilayani Ikungi mgodi wa dhahabu wa Shanta ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023. Nayataja haya kwa sababu maelezo ya kawaida kuhusu udhaifu wa viwanda vya mikoani, kwamba hakuna barabara wala umeme, hapa hayatoshi. Barabara ipo na umeme upo, ingawa nguzo za mitaani hazina uhakika kama zile kubwa zinazopita porini, na umeme ukikatika wakati mashine imejaa, mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, hukaukia ndani yake na kuifungua huchukua nusu ya siku. Kinachokosekana Singida ni hatua za mwisho za kazi, na hizo hazihitaji bomba wala kilovolti 400.

Mashine ya kukamua yenyewe haina maajabu. Alizeti humiminwa katika faneli ya juu, skrubu ya chuma huisukuma ndani ya silinda inayozidi kubana, na msuguano huo hutoa joto la kutosha kuyalegeza mafuta. Upande mmoja huchuruzika mafuta mazito yenye rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, yakiwa na vumbi la maganda. Upande wa pili hudondoka mashudu, vipande vyembamba vya moto ambavyo kijana mwenye koleo huvisogeza kwenye lundo kabla havijapoa. Harufu yake ni nzuri mno, ya karanga zilizokaangwa, na humfuata mtu kwenye nguo hadi nyumbani. Sakafu huteleza. Kando ya ukuta husimama matangi na mapipa, na hapo ndipo ubora wa mafuta unapoamuliwa, kwa sababu mafuta yaliyotoka mashineni asubuhi hii na yale yaliyotulia kwa siku kadhaa si bidhaa moja, hata kama mbegu ni ile ile.

Katika kiwanda kimoja ambacho nimekirudia kwa sababu ya mwenyewe, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, niliomba ndoo ya lita ishirini, na kijana wake akaanza kunichotea kutoka kwenye karai lililo chini ya mashine. Mama alimzuia. “Mwanangu, hayo ya leo usibebe,” aliniambia. “Njoo uchukue ya tangi la nyuma, yamelala siku nne.” Nilipouliza bei ya yale ya tangi la nyuma, akanijibu kwamba ni ile ile. Nikamwambia, “Lakini mama, hayo umeyahangaikia zaidi,” naye akasema kuwa wateja wengi hawaulizi, wanataka tu ndoo ijae. Sijapata maelezo mafupi zaidi ya hayo kuhusu uchumi wa mafuta ya Singida. Siku nne za kusubiri, tangi lililochukua nafasi, na vitambaa vya kuchujia vilivyofuliwa na kuanikwa havina bei sokoni. Mwenye kiwanda anayevifanya anavifanya kwa heshima yake, na asiyevifanya anauza kwa bei ile ile tena mapema zaidi.

Jikoni, tofauti hiyo huonekana waziwazi. Mafuta yaliyotulia na kuchujwa vizuri ni mepesi, hayaachi utando mdomoni, na ladha yake ya alizeti huufaa mlenda, kunde, mchicha na samaki wa kukaanga. Kwa kuku wa kienyeji sijui mafuta yanayoyazidi. Mafuta yasiyotulia, yakiwekwa kwenye karai la maandazi, huanza kufanya povu jeupe kabla ya duru ya kwanza kuiva, na povu hilo hupanda hadi kumwagika motoni. Maandazi ya duru ya pili hutoka yakiwa na madoa meusi. Sababu yake ni gundi za asili za mbegu, ambazo wataalamu huziita fosfolipidi, pamoja na vumbi la maganda linaloungua. Wengi wetu tumezoea kuyachemsha mafuta na vipande vya kitunguu mpaka harufu ipungue, na kweli hupungua, lakini gundi hubaki palepale. Kinachoiondoa ni muda, maji ya moto yanayotiwa kwa kipimo na kutenganishwa, na kitambaa. Kwa hiyo nayapa mafuta haya alama za juu kwa mboga na kukaanga kwa muda mfupi, alama za wastani kwa chapati, na kwa biashara ya maandazi au chipsi siyashauri kabisa, isipokuwa yale yaliyosafishwa mara mbili.

Hayo yaliyosafishwa mara mbili ni kazi nyingine, na hupatikana Singida hiyo hiyo katika viwanda vyenye mtaji mkubwa, kikiwemo cha Mount Meru Millers. Gundi huondolewa, asidi huru huondolewa kwa soda ya viwandani, rangi hupunguzwa kwa udongo maalumu, na harufu hutolewa kwa mvuke katika joto kali na tangi lisilo na hewa. Yanayotoka ni mafuta meupe, matulivu, yasiyo na povu na yasiyo na ladha. Ni mafuta ya kuaminika, lakini anayeyanunua kwa sababu ya jina la Singida hapati chochote cha Singida mdomoni. Yangeweza kutoka popote. Mimi nayatumia kwa keki tu.

Lipo pia suala la afya, ambalo wauzaji hulitumia ovyo. Karibu kila chupa yenye lebo hujivunia kwamba mafuta yake hayana lehemu (kolesteroli), jambo ambalo ni kweli kwa mafuta yote ya mimea na kwa hiyo halimwambii mnunuzi lolote. Lenye maana zaidi ni kwamba alizeti ina vitamini E kwa wingi, na kwamba kanuni za urutubishaji wa vyakula za mwaka 2011 ziliagiza mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, hatua ambayo ndoo isiyo na lebo haioneshi kama imefanyika. Mwenye watoto wadogo asiichukulie ndoo hiyo kuwa sawa na chupa yenye alama ya urutubishaji.

Sasa kipimo. Mafuta huuzwa kwa lita, lakini ndoo na madumu yanayotumika ni yale yaliyokwisha kubeba bidhaa nyingine, mengine yamevimba, mengine yamebonyea, na mstari wa lita ishirini huwa pale muuzaji anaposema upo. Njia ya kujilinda ni mizani. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo lita ishirini kamili ni kilo 18 na gramu 400, bila kuhesabu chombo. Pima ndoo tupu, pima ikiwa imejaa, toa. Kiwanda cha haki hakikasiriki mtu akiomba mizani. Nimeona mahali ambapo msichana wa mapokezi aliileta bila kuombwa na akaandika uzito kwenye risiti. Mahali pengine, ambapo sitapataja, ombi hilo lilijibiwa kwa mzaha na baadaye kwa hasira, na nilipofika Dodoma nikakuta kilo 16 na ushei. Mtu anayenunua ndoo moja kwa mwezi hupoteza kidogo. Mama lishe anayenunua kumi hupoteza faida yake yote.

Wizi wa namna nyingine ni wa kuchanganya. Bei ya alizeti inapopanda, kuanzia Desemba hadi mavuno mapya ya Mei na Juni, baadhi ya wauzaji, na naona wengi wao wako huku mijini kuliko kule kiwandani, huyaongezea mafuta ya mawese ambayo ni rahisi zaidi. Rangi haioneshi kitu na harufu ya alizeti hufunika. Friji ndiyo hakimu. Mimina mafuta katika glasi, yaache humo usiku kucha; alizeti halisi hubaki kimiminika, pengine ikiwa na ukungu mwembamba unaotokana na nta ya maganda, lakini mawese huganda na kukaa kama tabaka jeupe. Asiye na friji anaweza kusubiri asubuhi za Julai, kwa kuwa baridi ya Singida na ya Dodoma katika mwezi huo inatosha kumtia mashaka muuzaji asiye mwaminifu. Ndoo niliyowahi kuinunua mjini hapa kwa jina la Singida iliganda hadi theluthi moja.

Kisha kuna chupa za barabarani. Msafiri wa basi la Mwanza au Arusha anazifahamu: zimepangwa kwenye meza za mbao kando ya lami, chupa za maji zilizotumika, lita moja, lita tatu, lita tano, zikimeremeta kwa jua la saa nane. Zinavutia sana, na ndizo mbaya kuliko zote. Mwanga na joto ndiyo maadui wakubwa wa mafuta. Mafuta mazuri yakikaa juani kwa siku chache katika chupa inayopitisha mwanga huanza kuchacha, na yakifika nyumbani huwa na ladha ya rangi ya mlango. Siwalaumu wauzaji wale, maana wengi wao ni kina mama na vijana wanaochukua mafuta kwa mkopo kiwandani na kuyarudisha kwa senti, na kama chupa hazionekani basi halisimami. Lakini turubai la kufunika meza, na chupa mbili tu za maonesho zikaachwa nje, lingetosha kuibadilisha bidhaa yao. Kwa sasa, shauri langu kwa msafiri ni ashuke anunue kuku.

Swali linalobaki ni kwa nini mji wenye mbegu, barabara, umeme na jina unaacha kazi katika hatua ya mwisho. Sehemu ya jibu ni upungufu wenyewe. Mwaka 2021 serikali ilitaja mahitaji ya nchi kuwa tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, huku uzalishaji wa ndani ukiwa tani 205,000. Kilichobaki kiliagizwa, hasa mawese kutoka Asia. Mwezi Juni mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na wadau wa alizeti hapo hapo Singida, na mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu ikatajwa kuwa ya mkakati. Mbegu za ruzuku zikafuata. Nchi inayokosa zaidi ya nusu ya mafuta yake hununua chochote kinachokamuliwa, na mwenye kiwanda haoni sababu ya kusubiri siku nne ikiwa mteja yuko mlangoni na ndoo mkononi. Shida huja pale mafuta ya nje yanapoingia kwa wingi na kwa bei ya chini. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilikuwa imepandisha ushuru hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, lakini ushuru hupanda na kushuka kulingana na mwaka, na msimu wa 2023 bei ya alizeti ilianguka hadi wakulima wengi wakasema hawatailima tena. Bidhaa isiyo na lebo, isiyo na kipimo na isiyo na ubora unaotabirika haina kinga nyingine zaidi ya ushuru. Mnunuzi wa Dodoma aliyeumwa na povu mara moja hana sababu ya kuivumilia pale mawese yaliyosafishwa yanaposhuka bei.

Sehemu nyingine ya jibu ni fedha na majira. Mkulima huvuna Mei na Juni akiwa na deni la pembejeo na ada ya shule inamsubiri Julai, kwa hiyo huuza mara moja, mara nyingi kwa mchuuzi aliyemfuata shambani na debe lake. Kiwanda kidogo kisicho na mtaji wa kununua na kuhifadhi mbegu za mwaka mzima hukamua kwa miezi michache, kisha hukaa kimya au hukamua kwa malipo mbegu za mtu mmoja mmoja anayekuja na gunia lake, huku malori yakiwa yamekwisha kuzibeba nyingine kwenda kwa wenye mitaji mikubwa. Mbegu yenyewe pia ina neno lake. Aina ya zamani ya Rekodi, ambayo mkulima anaweza kuihifadhi na kuipanda tena, ina ganda nene na mafuta machache kuliko chotara kama Hysun 33, ambazo mafuta yake hufikia au kuzidi asilimia 40 ya uzito lakini mbegu zake hununuliwa upya kila msimu. Mwenye mashine anayetumaini kufanya kazi miezi mitatu kwa mwaka hanunui chujio jipya la vitambaa, na simshangai.

Tabia hiyo hiyo ya kuuza kabla ya kumaliza iko katika bidhaa nyingine za mji. Vitunguu vinavyofika soko la Misuna kutoka Iramba, Mkalama na Ikungi ni vizuri, vyekundu, vikali, vinavyodumu, lakini hupakiwa katika magunia yaliyoshonewa kilemba juu, ile lumbesa ambayo sheria imeikataza na wote wanaiona. Anayepata faida ya kuvichagua na kuvipanga kwa ukubwa ni mfanyabiashara wa mbali. Asali ya Manyoni na Itigi haihitaji sifa zangu. Kuku husafirishwa hai katika matenga juu ya mabasi na malori hadi Dar es Salaam, na wanaokufa njiani ni hasara ya mchuuzi, ambaye huirudisha kwa mfugaji kwa kumpunguzia bei safari inayofuata. Mashudu, ambayo ndiyo chakula bora cha kuku na ng'ombe wa maziwa, hupakiwa kwenye malori na mengine huvuka mpaka kwenda Kenya au kusafirishwa hadi India. Mji unaojulikana kwa kuku na unaozalisha mashudu ungetarajiwa kuwa na chakula cha kuku cha kila namna madukani, na kwa kweli kinapatikana, lakini mifuko mingi niliyoiona ilitengenezwa mikoa mingine.

Kuhusu huduma, watu wa Singida hawana haraka ya kuuza na hawana maneno ya kubembeleza, jambo ambalo mgeni wa Dar es Salaam anaweza kulichukulia vibaya. Mimi nalipenda. Salamu huchukua muda wake, mzee akiwapo hupewa kwanza shikamoo yake, kisha ndipo biashara. Risiti hutolewa kwa anayeidai. Kupakia mzigo kwenye basi kunafanywa vizuri, ndoo hufungwa kwa nailoni chini ya kifuniko na kuandikwa jina, na sijawahi kupokea iliyomwagika. Viwanda vichache vimeanza kuwa na namba za simu za kuagizia, malipo kwa simu na ndoo mpya zenye lebo. Hivyo ndivyo ninavyovipendekeza kwanza, hata kama bei yao ni ya juu kidogo, kwa sababu hapo mnunuzi analipia kile ambacho mama yule wa tangi la nyuma alikuwa anakitoa bure.

Anayetaka kununua kwa ajili ya nyumba yake Dodoma na aende, au aagize, kati ya Julai na Septemba, mbegu zikiwa mpya na zimekauka, kwa kuwa mbegu iliyowekwa na unyevu hutoa mafuta yenye asidi yanayokereketa kooni. Aulize mafuta yamekamuliwa lini, na akiambiwa leo, aombe ya tangi jingine. Aangalie chini ya ndoo dhidi ya mwanga kabla kifuniko hakijafungwa. Aende na chombo chake kilichooshwa na kukaushwa kabisa, maana tone la maji lililobaki ndani huharibu mafuta kuliko vumbi. Akifika nyumbani ayaache yatulie kwa juma moja mahali penye giza, kisha ayamimine polepole kupitia kitambaa cha pamba katika vyombo vidogo visivyopitisha mwanga, na yale ya chini, yenye tope, awape kuku wachanganyiwe na pumba. Yakihifadhiwa hivyo hukaa vizuri hadi mvua za Desemba, na kwa bei ya miezi hiyo ya mavuno ndoo mbili zilizonunuliwa kiwandani hugharimu chini ya madumu ya duka yenye ujazo huo huo, hata nauli ya mzigo ikiwa imehesabiwa.